Siku Niliyokopeshwa na Mwalimu

Walisema sitaweza kuufunga mto. Jirani yangu mwenye punda watatu alilisema hilo mbele ya duka pale Kabati, watu wakiwa wameketi na soda zao, kwamba mto ule uliwashinda wamishonari na pampu zao na ungenishinda na mimi. Shemeji yangu alikubali kwamba ukuta nitajenga, ila ukuta utasimama upande mmoja na maji yatapita upande wa pili, nami nitabaki katikati nimekumbatia vyeti vyangu. Kabla ya hapo walikuwa wamesema sitamaliza kidato cha nne. Halafu wakasema diploma sitaipata. Nilipokwenda Uarabuni wakasema nitarudi ndani ya sanduku, au na begi moja la nguo chafu. Shule nilimaliza, diploma ya ujenzi nikaipata, Uarabuni nikakaa miaka kumi na mmoja nikisimamia watu wa mataifa sita wakimwaga zege, kisha nikarudi na mabegi manne na darubini ya kupimia ardhi ambayo hakuna fundi wa kwetu aliyekuwa ameigusa.

Naandika haya kwanza ili msomaji ajue anazungumza na nani. Nilichonacho nilikitafuta mwenyewe. Sikubebwa na mtu, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo iliyoniletea yote nitakayoeleza.

Aliyenibeba siku hiyo alikuwa mwalimu wangu wa historia. Leo ni waziri wa serikali, na ukifungua redio ya Kikamba asubuhi huwezi kumaliza chai kabla ya kumsikia. Jina lake sitaliandika, wala wizara yake. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba mwenye koti moja la kahawia, akifundisha katika shule ya bweni upande wa Matiliku, ambako nilipelekwa kwa sababu shangazi yangu alikuwa ameolewa huko.

Alifundisha bila kitabu. Aliingia, akafuta ubao wote hata kama hesabu za mwenzake zilikuwa hazijanakiliwa, akaandika swali moja tu. Nakumbuka siku aliyoandika: Nani alichimba mitaro ya kilima kile? Akaonyesha dirishani. Kilima tulikiona kila asubuhi, kimezungushiwa mitaro mpaka kileleni. Tukasema ni babu zetu. Akauliza kama walilipwa. Hatukujua. Ndipo akatueleza jinsi wakoloni walivyowatoa watu majumbani wakachimbe, anayekosa akatozwa faini au akachapwa, na jinsi chifu alivyoandika kwenye daftari lake kwamba watu wamejitolea. Alipofika hapo sauti yake ilishuka.

"Siku ya mtu ikichukuliwa isirudishwe, hiyo si kazi. Ni utumwa wenye daftari," alisema. "Na mkisoma mahali kwamba watu walijitolea, ulizeni nani alishika kalamu."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari langu, na nikayakariri kuliko tarehe zote alizotufundisha.

Kwetu Ukambani jambo hilo halihitaji kuelezwa sana, kwa sababu tuna mwethya. Watu wa kijiji hukusanyika na majembe, leo shambani kwako, wiki ijayo kwangu, na kila siku ya mtu inaandikwa. Si hisani. Siku uliyonipa nimeikopa, na nitairudisha kwa mikono yangu, jembe kwa jembe. Ukijaribu kuirudisha kwa noti, mwenye siku ataona umemtukana, maana yeye hakukuuzia.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata nafasi katika chuo cha ufundi Nairobi. Baba akakataa. Alikuwa na shamba la mawe juu ya Kabati na alitaka mtu wa kushika jembe. Nikamwandikia mwalimu barua. Jumamosi moja nikamwona anapanda njia ya mtoni, koti begani, ametoka Makueni hadi Kitui bila kualikwa na mtu. Baba alikuwa anachimba mtaro wa fanya juu, ule ambao udongo unatupwa upande wa juu ili uzuie maji ya mvua. Hakusimama kumsalimu. Alimwambia yeye hazungumzi na mtu aliyesimama wakati yeye ameinama, na kama mgeni ana neno, jembe lingine lile pale.

Mwalimu akavua koti, akalitundika kwenye mwiba, akachimba. Alichimba tangu asubuhi hadi jioni. Viganja vyake vya chaki vilitoka malengelenge kabla ya saa sita, akavifunga kwa leso na kuendelea. Mimi nilikuwa nyuma yao nikiondoa mawe, na kwa muda wote huo sikusikia hata neno moja juu ya chuo. Walizungumza juu ya ng'ombe na mvua, na mwalimu akataka kujua ni nani alikuwa wa kwanza kulima kilima kile. Baba akapenda kuulizwa. Jua lilipopungua alinyoosha mgongo, akautazama upande wa mwenzake, akasema mtaro umepinda. Kisha akasema naweza kwenda.

Mgeni alipoondoka baba aliniita.

"Yule mtu ametukopesha siku," alisema. "Mimi siendi Makueni kwa umri huu. Hiyo siku ni yako."

Sikuirudisha. Nilikwenda chuoni, nikatafuta kazi, nikapanda ndege, na baba akafa nikiwa mbali. Siku ile ilikaa kama jiwe dogo ndani ya kiatu: unatembea nayo, lakini unajua ipo.

Na mwalimu naye alikuwa anapanda. Akawa naibu mkuu wa shule, kisha mwalimu mkuu. Digrii yake aliisomea likizo kwa likizo, walimu wenzake wakiwa mashambani. Akawa mtu wa kupewa maiki kwenye mazishi, kwa sababu aliweza kutaja vizazi vya marehemu hadi babu wa nne bila karatasi, na hata wafiwa wakajikuta wanajifunza walikotoka. Hayo mazishi ndiyo yaliyomfikisha kwenye siasa. Aligombea ubunge mara moja, akashindwa vibaya. Inasemekana hata chumba cha walimu hakikumpa kura zote. Niliposikia nilisikitika kama aliyefiwa. Halafu uchaguzi mwingine ukapita, wakubwa wapya wakakumbuka ni nani aliyekuwa akiwahutubia watu kwa niaba yao, na jioni moja nikiwa kambini Uarabuni nikamwona kwenye simu akila kiapo. Koti jipya, Biblia mkononi, shingo imejaa kidogo. Niliwaonyesha Wanepali na Waganda niliolala nao chumba kimoja. Niliwaambia mheshimiwa huyu alichimba mtaro shambani kwetu. Walicheka sana. Nikawaongeza kwenye orodha ya wasioamini.

Nilirudi nyumbani nikiwa na mpango mmoja. Mto wetu ni wa mchanga. Maji hupita siku chache za mvua, yakaenda zake, kisha akina mama wanachimba visima kwenye mchanga, vinazidi kwenda chini mpaka ifikapo Septemba mtu akiinama kuteka humwoni. Dawa yake inajulikana Kitui na Makueni yote: ukuta wa zege kukata mto, uketi juu ya mwamba. Mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanalala ndani ya mchanga, jua haliyapati. Shida ya pale kwetu ilikuwa mwamba. Wote waliojaribu walisema haupo. Nilitoboa kwa chuma siku tisa, nikapima, nikachora, nikatoboa tena. Jirani wa punda alikuwa akipita kila asubuhi na mitungi yake akasimama juu ya ukingo.

"Diploma," aliniita, na tangu hapo kijiji kizima kikaniita hivyo, "umeupima mto, au mto ndio unakupima?"

Siku ya tisa chuma kiligonga. Mwamba ulikuwa chini kwa urefu wa watu wawili, mita kumi tu kutoka mahali ambapo wote waliotangulia walikuwa wametoboa. Nasema hivi kwa sababu ni kweli.

Mwezi huohuo mwalimu alikuja Kabati, mchungaji mmoja alipokuwa anasimikwa. Baada ya ibada nilijipenyeza katikati ya watu wake wenye miwani myeusi. Alinijua kabla sijafungua mdomo. Akauliza habari za baba, na nilipomwambia alikufa, alitazama viganja vyake. Nilimweleza mto. Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza darasani, kichwa kimeinama upande. Nikamwambia simiti hatuna, na watu hatutoshi: kikundi chetu kina watu ishirini na wawili, wengi wazee, na kuchimba hadi mwamba kunataka maradufu.

"Azimeni siku kwa majirani," alisema. "Simiti na vyuma nitaleta mimi. Na hao mtakaowaazima, tingatinga ya wizara itapita kwenye mashamba yao iwachimbie mitaro. Siku zao zitarudi."

Nikamwuliza kama naweza kuwaambia hivyo.

"Waambie mwalimu amesema."

Upande wa pili wa kilima kulikuwa na kikundi cha watu ambao mto wetu hauwahusu. Wao wana chemchemi yao. Mwenyekiti wao alikuwa mama mjane, mzee wa kanisa, mwenye kubeba daftari la kijani ndani ya mfuko wa Biblia. Nilikwenda kwake na michoro. Nilieleza mwamba, nikaeleza ukuta, nikaeleza miaka yangu kumi na mmoja, na yeye akawa anachambua maharagwe. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Tingatinga isipokuja, daftari limtafute nani?"

Nilimwambia waziri mwenyewe ndiye aliyesema.

"Waziri hana shamba hapa wala jembe hapa. Nakuuliza jina la kuandika."

"Andika langu," nikasema.

Aliliandika kwa penseli. Akalitazama, akatafuta kalamu ya wino mfukoni, akaliandika tena juu yake.

Tulianza Agosti. Watu ishirini na tisa walivuka kilima kutoka upande wake, baadhi siku tatu, wengine nne, wengine hadi sita. Kila jioni mama yule alifungua daftari juu ya goti lake akaita majina, na siku zikaingia. Tulichimba mtoni shimo ambalo ungeweza kuweka nyumba ndani yake. Mawe yalipita mkono kwa mkono kutoka ukingoni, na kwenye sufuria kubwa kulikuwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila mchana. Lori mbili za simiti zilikuja Septemba, kama mwalimu alivyosema, na siku hiyo nilitembea sokoni nikiwa nimeinua kidevu. Hata jirani wa punda akaja Jumamosi moja na wanyama wake, akabeba maji ya kuchanganyia zege kutwa nzima. Ukuta ulifika juu wiki ya mwisho ya Oktoba. Siku zilizokopwa zilikuwa mia moja na kumi na tisa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana sitadanganya.

Siku chache kabla ya uzinduzi alikuja kijana wa wizara na fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne. Alitaka kujua siku zote zilizofanywa kazi, nami nikampa hesabu ya kikundi chetu na hesabu ya majirani. Akaziandika zote pamoja chini ya neno moja la Kiingereza ambalo maana yake ni mchango. Mchango wa jamii. Mimi nimesoma, Kiingereza nakijua. Nililiona neno hilo. Hata lilinigusa kidogo, kama unavyoguswa na mbu kabla hajauma. Lakini chini ya ukurasa palikuwa na nafasi ya sahihi ya msimamizi, na pembeni nafasi ya elimu yake. Nikatia sahihi, na pale pa elimu nikaandika Diploma ya Ujenzi kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu wa serikali aniulize swali hilo.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama na ripota wawili. Niliwekwa mstari wa pili. Mama mjane alikuja na watu wake wote ishirini na tisa, wamevaa nguo za kanisani, kwa sababu niliwaambia siku hiyo ndiyo tutakayotangaziwa tingatinga itaanza shamba la nani. Mwalimu alizungumza bila karatasi, kama zamani. Alianza na mababu waliochimba mitaro ya vilima vyetu. Moyo wangu ulipanda. Nilijua somo hilo, nilijua linapoelekea. Kisha likageuka.

"Lakini hawa," alisema kwa Kikamba, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya ripota, "hawa hawakulazimishwa na mtu. Walijitolea. Hawakudai hata siku moja."

Watu walipiga makofi. Nikageuka kumtafuta mama mjane. Alikuwa ametoa daftari, amelifungua kwenye magoti. Alilitazama, akalifunga, akalirudisha kando ya Biblia. Watu wake walikuwa wananitazama mimi. Halafu kitambaa kikatolewa ukutani, pakawa na jina la waziri kwenye bamba la shaba, na chini yake maneno ya mchango wa jamii. Jina langu halikuwepo. Nakubali kwamba hilo nalo liliniuma, na usiku ule sikuweza kusema lipi liliniuma zaidi.

Nilimfuata hadi kwenye gari. Wale wa miwani walitaka kunizuia, akawaambia waniache.

"Mwalimu," nilisema, "siku za wale wa ng'ambo ya kilima zilikuwa mkopo."

"Najua." Hakukwepa macho yangu. "Simiti ni ya wafadhili, na waliitoa kwa ahadi kwamba jamii nayo itatoa kitu. Ilibidi siku ziwe mchango."

"Na tingatinga?"

"Mchango haulipwi. Wakaguzi wangeuliza." Akaniwekea mkono begani, mkono laini wenye pete. "Na sahihi ni yako, kijana wangu. Niliiona. Nilifurahi kuona ile diploma."

Nilimwambia yeye ndiye aliyetufundisha kuuliza nani alishika kalamu.

Alitabasamu, na lilikuwa tabasamu lilelile la Matiliku, la mwanafunzi anapokaribia jibu. "Basi," alisema, "sasa unajua." Akapanda, mlango ukafungwa, nami nikabaki na vumbi.

Jumanne iliyofuata niliitwa ng'ambo ya kilima. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa na maelezo marefu juu ya fomu na wafadhili. Sikutukanwa. Mama mjane alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba wao hawakumkopesha waziri hata siku moja, hawamjui. "Tulikukopesha wewe," alisema. Akasoma jina langu kutoka daftarini, lile lililoandikwa mara mbili. Nikauliza kama naweza kuwaajiri vijana wenye nguvu wachimbe kwa niaba yangu. Akasema mkono wa kukodi si mkono. Nje nilimkuta jirani yangu wa punda, ambaye alikuwa amekuja kusikia.

"Diploma," alisema, "sasa ndiyo kozi imeanza."

Wiki hiyohiyo wakala wa kazi za Uarabuni alinipigia. Kulikuwa na nafasi, mradi mkubwa, cheo kilekile. Shemeji alisema nipande ndege, daftari la wanawake wa kanisa halina visa. Nilifungasha begi moja. Lilikaa mlangoni siku tatu. Siku ya nne mvua ilinyesha, na nikaenda mtoni kuangalia ukuta.

Maji yalikuja kabla ya saa nne asubuhi, mekundu, yamebeba miti mizima. Yaligonga ukuta wangu nikausikia chini ya miguu. Halafu yakapanda, yakapita juu yake kwa upana wote, sawasawa, kama pazia. Haukusogea. Kijiji kizima kilikuwa ukingoni, na shemeji yangu alikuwa miongoni mwao. Ilipaswa kuwa siku kubwa ya maisha yangu. Lakini kila nilipoutazama ule ukuta niliona watu ishirini na tisa wamesimama ndani yake. Nikarudi nyumbani, nikatoa nguo kwenye begi.

Nilianza Januari, Jumanne na Alhamisi. Siku zilizobaki nilifanya kazi yangu ya ujenzi, maana mtu lazima ale. Mikono yangu ilikuwa imelainika kwa miaka ya kusimamia. Wiki ya kwanza niliifunga kwa leso, nikakumbuka leso nyingine. Watu walikuwa wakipita njiani wakipunguza mwendo ili wanione. Mzee mmoja ambaye alinidai siku tatu alinihurumia, akaniambia nizisahau, yeye amesamehe. Nilimwambia sikumwomba msamaha, nilimwomba anionyeshe mahali pa kuchimba. Alikasirika, kisha akanionyesha pagumu kuliko pote.

Shamba moja walikuwa na redio iliyotundikwa kwenye mlango wa jiko. Nikiwa ndani ya mtaro hadi kiunoni nilimsikia mwalimu akihojiwa. Alisema amejenga ukuta ambao haukuwezekana. Alisema historia itawakumbuka wale wananchi waliojitolea. Mwenye shamba, mama aliyekuwa anapepeta mahindi, alinitazama, akaenda akaizima, akarudi kwenye ungo wake. Sikumwomba aizime. Nilichimba hadi jioni na sikumbuki kupumzika.

Ilinichukua mwaka mmoja na miezi mitano. Kila jioni mama mjane alipiga mstari mmoja daftarini mbele yangu. Siku zake mwenyewe nne aliziacha za mwisho. Nilipomaliza ya nne alinipa isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye bakuli la kichina alilowawekea wageni, akapiga mstari, akasema, "Umemaliza."

Nikamwambia bado moja. Nikamweleza juu ya baba, koti kwenye mwiba, na mtaro uliopinda. Aliweka kalamu chini.

"Mtu aliyekufanyia hivi," aliuliza, "na bado utamrudishia?"

Nikasema aliyeniumiza ni waziri. Anayenidai ni mwalimu. Alichukua kalamu, na ingawa mwalimu hakuwa mtu wa kikundi chao, akamwandika chini kabisa: Mwalimu, siku moja. Kisha akachana ukurasa ule akanipa.

Nyumbani kwao mwalimu ni karibu na Mbumbuni. Nilifika huko saa mbili asubuhi na jembe langu, na pima maji mfukoni. Kuna nyumba ya ghorofa aliyojenga baada ya kiapo, madirisha yamefungwa, na chini yake kuna nyumba ya mabati ya mama yake na shamba linaloteremka. Mitaro yake ilikuwa imejaa udongo, hakuna aliyeishika kwa miaka. Mama mwenyewe alitoka akiegemea fimbo. Aliuliza nimetumwa na nani.

"Na baba yangu, mwaitu," nilimjibu, nikimwita mama kama tunavyowaita wote wa umri ule. "Alikopeshwa siku moja na mtu wa hapa."

Hakuuliza zaidi. Watu wa rika lake hawahitaji kuelezwa. Alinyoosha fimbo kuonyesha mahali, akaniletea kigoda cha kuwekea koti langu, akarudi ndani.

Mchana aliniletea uji, akaketi ukingoni mwa mtaro, miguu yake ikining'inia karibu na kichwa changu. Alitazama kazi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na huyu wangu, ana siku za watu?"

Kwa mwaka na miezi mitano nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga nikichimba, mengine makali sana, na huyu hapa ndiye mtu pekee duniani ambaye angeweza kumfikishia mwalimu. Niliitazama ile miguu yenye nyufa.

"Daftari halimdai, mwaitu," nikasema.

Alichomeka ncha ya fimbo kwenye udongo laini wa mtaro.

"Hilo ni baya zaidi," alisema. "Anayedaiwa ana watu wanaomtafuta." Akachukua kikombe chake, akapanda polepole kuelekea nyumbani, na sikumwona tena hadi jioni.

Nilimaliza jua likiwa bado juu ya kilima. Niliweka pima maji mwanzo wa mtaro, katikati na mwisho, na kile kitone cha hewa kilitulia katikati mara zote tatu. Mtaro wa mwalimu kwetu ulipinda. Wangu kwao haukupinda, na anayetaka aende akaupime. Nikatoa ule ukurasa wa daftari la kijani mfukoni, nikauweka juu ya mpini wa jembe, nikapiga mstari wa mwisho mwenyewe, kwa kalamu yangu.